Kumsindikiza Madame Rashel Hadi Maji Moto ya Bursa

Tangu nirudi, kila tukitoka misa mmoja wenu hunishika mkono na kuniuliza: Anastazia, ni kweli ulipanda ndege ukaenda kwa Waturuki kuoga tu? Nimechoka kusimulia nusunusu mlangoni pa kanisa huku watoto wakinivuta nguo. Basi nimeandika yote. Mama Klementina atawasomea siku yetu ya kushona, na atakayebaki na swali aje nyumbani kwangu, mtaa wa Katuba, chai ipo. Mambo ya pasipoti na tikiti sitayagusa. Bwana Nissim ndiye aliyehangaika nayo, na alipoyamaliza alikuwa amekonda.

Madame Rashel mnamjua wote. Ni yule mama mzee wa duka la vitambaa mjini, mama yake Bwana Nissim, ambaye huongea Kiswahili kama sisi na kugombana juu ya bei kuliko sisi. Mimi nashona nyuma ya duka lake tangu kabla sijaolewa. Msilolijua ni kwamba alizaliwa Bursa, mji wa Waturuki wenye maji yanayotoka mlimani yakiwa moto, na watu wameyaoga tangu zamani za wafalme. Aliozwa akiwa msichana kwa mfanyabiashara aliyekuja kutafuta maisha Katanga, akamwacha dada yake mkubwa, Sultana, na hawakuonana tena kwa miaka karibu arobaini.

Baada ya vita vya Desemba hapa mjini, bomu lilipobomoa paa la jirani yao, Bwana Nissim alitaka mama yake aondoke nchini. Mama akakataa katakata. Ndipo magoti yakaanza kumsumbua, na daktari akataja maji moto, na mama mwenyewe akasema kwamba kama ni maji moto, basi ya Bursa. Siku moja kabla ya safari Bwana Nissim aliniita kando, kati ya marobota ya vitambaa. Aliniambia kwamba mama akikubali kubaki kwa dada yake, nimwache huko nirudi peke yangu, na kama ninaweza kumshawishi, nimshawishi.

Nilimjibu hivi: "Kumusindikiza nitamusindikiza, Bwana Nissim. Kumusukuma, hapana."

Akasema sawa. Lakini nilimwona usoni kwamba bado anatumaini.

Kutoka Elisabethville hadi Ndola

Tuliondoka asubuhi ya baridi, ile baridi yetu ya kiangazi inayofanya mdomo utoe moshi. Mume wangu Gaspar alikuja kuniaga kabla ya kwenda kazini kwenye reli. Alinipa koti lake kubwa nikalivaa juu ya kitenge. Mama mkwe alibaki na watoto. Dereva wa dukani alituendesha, Madame Rashel mbele, mimi nyuma pamoja na kapu la mikate, mayai na samaki wa kukaanga.

Njia ya kwenda mpakani ilikuwa na vizuizi vya magogo na mapipa. Viwili vya kwanza tulipita vizuri. Cha tatu kilikuwa na askari kijana wa Katanga aliyekaza uso. Aliinama dirishani akauliza tunakwenda wapi. Madame Rashel, ambaye hajawahi kumwogopa mtu mwenye umri wa wajukuu wake, akamjibu kwamba tunakwenda kuoga.

"Kuoga?" askari akasema. "Maji ya hapa inakosa nini?"

Madame Rashel akamweleza kwamba maji ya hapa ni mazuri ila ni baridi, na yale anayoyataka yapo mbali, ng'ambo ya bahari. Yule kijana akadhani anachezewa. Alitutoa garini, akafungua masanduku, akaona taulo, sabuni na nguo za ndani za mama mzee, akazidi kukasirika kwa sababu kila alichokiona kilithibitisha maneno yetu. Tulikaa kando ya barabara hadi jua likawa kali, nikavua koti la Gaspar. Tukala samaki. Dereva alinong'ona kwamba tungesema tunakwenda kumwona mgonjwa, tungekuwa tumeshafika.

Mkubwa wao alipokuja, mwanamume mnene anayetembea ameshika kiuno, alisikiliza habari yote bila kucheka. Kisha akamuuliza Madame Rashel, kwa sauti ya chini, kama maji hayo yanasaidia mgongo. Mama akamwambia kwamba baba yake mzazi aliingia akiwa amebebwa, akatoka kwa miguu yake. Wakazungumza juu ya migongo muda mrefu kuliko ule tuliokuwa tumeshikwa. Mwishowe akaamuru pipa liondolewe, akatutakia safari njema.

Hata hivyo tulikuwa tumechelewa. Tulifika Ndola, ng'ambo ya mpaka, jioni, na kumbe ndege yetu ilikuwa imeahirishwa hadi kesho yake. Madame Rashel alisema yule askari amevuna hasira za bure.

Angani

Mnataka kujua ndege. Nilishika rozari kutoka Ndola hadi Nairobi, na vidole viliniuma. Kutoka Nairobi tulipanda nyingine kubwa zaidi, nikajikuta nimezoea, hata nikala. Walituletea kuku mdogo katika sinia, na kitu cheupe laini nilichokidhania bukari, ugali wetu, iliyopoa. Nilikichukua kwa vidole nikakichovya kwenye mchuzi. Kilikuwa kitindamlo cha maziwa na sukari. Mzungu wa kiti cha jirani aligeuka kutazama mawingu kwa adabu sana.

Ndege ilisimama Khartum kutia mafuta. Mlango ulipofunguliwa joto liliingia kama la tanuri la mkate, na Madame Rashel akasema: sasa goti langu linaanza kufurahi. Kule Athene tulikaa sana kwa sababu ya upepo. Mama alikuwa akiuliza saa kila mara. Nilifikiri ni uchovu. Hapo ndipo aliponieleza. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Wao Wayahudi, jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na hadi Jumamosi jioni mtu hapandi chombo wala hawashi moto. Yeye mwenyewe, kwa maisha ya dukani, alikuwa amelegeza mambo hayo zamani. Lakini Sultana hakulegeza kitu. Ilibidi tufike Bursa kabla ya jua kuzama.

Istanbul, na meli iliyotuacha

Hatukufika. Tulipofika gatini Istanbul, meli ya kwenda ng'ambo ilikuwa imeshatoka, tunauona moshi wake. Madame Rashel alisimama akiutazama mpaka ukaisha, mkono wake begani mwangu, mzito.

Nilimtafutia chakula. Chini ya daraja kulikuwa na mtu anayekaanga samaki ndani ya mashua yake na kuwatia kwenye mkate pamoja na kitunguu. Nikamwonyesha vidole viwili. Akasema neno, nikasema sijui, akalisema tena kwa nguvu, kama vile mimi ni kiziwi. Alikuwa akiuliza kama nataka limau. Alipolishika limau lenyewe nikasema, "Limau," naye akasema kwa kwao, karibu sawa kabisa, tukatazamana tukacheka. Tangu hapo nikawa nawinda maneno. Chai kwao ni chai. Sabuni ni sabuni. Dunia, habari, kahawa, yote wanayo. Nilimwambia Madame Rashel kwamba hawa watu wametuibia maneno. Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu gatini.

Tulilala katika hoteli ndogo ya karibu. Mama alikaa kitandani na viatu vyake. Tukingoja Jumapili, alisema, tutakuwa na siku moja tu, maana Jumatatu lazima turudi kuiwahi ndege. Tukienda kesho, Sultana atakasirika kwamba nimeivunja Sabato nikiwa njiani kwenda kwake. Nikamuuliza yeye anataka nini. Akafikiri.

"Aniwakie," akasema. "Nimengoja siku nyingi mutu wa kuniwakia namna ya nyumbani."

Kuvuka hadi Bursa

Jumamosi bahari ilikuwa tulivu kama sahani. Wanawake melini walinitazama, wengine waziwazi, wengine kwa pembe ya jicho. Mmoja, mwenye kitambaa cheupe kichwani na kapu la pichi mapajani, alisogea akanipa tunda moja, kisha akagusa kitenge changu akitikisa kichwa kwa kukisifu. Nilimwonyesha mshono, jinsi nilivyopindisha ukingo. Akanionyesha wake. Tuliongea hivyo mpaka ng'ambo, kwa mishono, bila neno moja ila chai.

Kutoka gatini tulipanda basi kati ya mashamba ya mizeituni. Nilikuwa nikiisikia tu katika Biblia. Ni miti ya kawaida, majani kama yameingia vumbi. Kisha mlima ukatokea, mkubwa, umeziba upande mzima wa mbingu, na mji umelala miguuni pake, nyumba juu ya nyumba, na minara ya misikiti katikati.  Madame Rashel alianza kufunga na kufungua kifungo cha koti lake.

Nyumba ya Sultana ilikuwa katika kichochoro chembamba kinachopanda. Mama alikikumbuka mwenyewe, hatukuuliza mtu. Alibisha. Akafungua mwanamke mrefu, mweupe kichwani, mwenye pua ileile ya Madame Rashel. Alitukazia macho akauliza jambo kwa lugha yao, ile ya Kispania wanayoongea Wayahudi wa kule.

Madame Rashel alifungua mdomo. Mnajua kilichotoka? Kiswahili.

"Jambo yako, dada," akasema. "Ni mimi."

Yule mama hakuelewa. Madame Rashel akajaribu tena, na tena kikatoka Kiswahili, maneno ya dukani, machozi yakimteremka. Lugha ya mama yake ilikuwa imejificha. Mimi nilisimama nyuma na masanduku, sina la kutafsiri. Mwishowe akasema jina lake tu: Rashel. Sultana akanyoosha mkono, akaugusa uso wake polepole, paji, mashavu, kidevu. Kisha akaurudisha mkono, akauliza kitu kifupi.

Baadaye mama aliniambia kilikuwa nini. Aliuliza kama kule wanakoishi hakuna kalenda.

Tuliingia. Tulikula baridi, maana moto hauwashwi: mayai yaliyopikwa tangu Ijumaa mpaka yakawa ya rangi ya kahawa, vitumbua vya biringanya na jibini, zeituni. Chakula kilikuwa kitamu. Dada walikaa mbalimbali kama watu wanaongoja daktari. Lugha ilimrudia Madame Rashel kidogokidogo, lakini Sultana alijibu kwa neno mojamoja. Nilielewa jina la mama yao likitajwa mara kadhaa. Mama huyo alikufa Rashel akiwa Katanga, na Rashel hakuja. Angewezaje kuja, na mtoto mchanga, na safari ya meli ya wiki nyingi? Lakini mwenye kubaki na mgonjwa hahesabu meli.

Nililala nikiwaza kwamba Bwana Nissim hatapata anachokitaka, na moyoni sikusikitika. Nilikuwa nimeanza kutamani turudi wote wawili.

Bafuni

Jumapili asubuhi Sultana alikuwa amefunga kifurushi: taulo, bakuli la shaba, sabuni, na chakula cha siku nzima. Alikiweka mikononi mwangu akatangulia. Hasira ni hasira, lakini mgeni wa Bursa lazima aoge.

Bafu lipo upande wa juu wa mji. Kwa nje ni kama vyungu vikubwa vilivyopinduliwa, paa zote za mviringo. Ndani ni marumaru tupu, na juu paa limetobolewa matundu yenye vioo, mwanga unashuka kama mishale ndani ya mvuke. Unavaa viatu vya mbao vinavyopiga kelele, na unajifunga kitambaa kama tunavyojifunga kitenge. Hapo niliwashinda wote. Katikati ni bwawa la maji yanayotoka mlimani yenyewe, hakuna kuni wala mkaa. Yananuka kama chuma kilicholowa. Niliingia kwa kidole, nikatoka. Nikaingia kwa mguu. Wanawake wakanicheka. Nikaingia mzima, na nawaambieni, mifupa ile iliyokaa kwenye cherehani tangu ujana wangu ililegea yote pamoja.

Kuna mama wa kusugua watu, mnene, mwenye mikono kama ya mtwanga mahindi. Anavaa mfuko wa kitambaa kigumu mkononi, na uchafu unaotoka unaviringika kama tambi. Alinilaza, akaanza mkono wangu, kisha akasimama akautazama ule mfuko, akautazama mkono wangu, akasugua tena kwa nguvu zaidi, akatazama tena. Nikaelewa.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama, hiyo haitoke. Ni yangu."

Madame Rashel, aliyekuwa bwawani, akatafsiri kwa Kituruki, na hata mimi sikujua kwamba Kituruki kimemrudia. Bafu zima likacheka, na msuguaji akacheka kuliko wote, akanibusu begani. Na Madame Rashel alicheka namna ambayo sijamwona akicheka katika miaka yote ya dukani. Alicheka mpaka akateleza, maji yakamwingia puani, akapaliwa. Sultana akamdaka kwa kwapa, akampiga mgongoni kama mtoto, huku akimgombeza, na katikati ya kumgombeza yeye naye akashikwa na kicheko. Walishikana pale majini, wazee wawili, wanacheka na kulia, na wale wanawake wengine wakageuka kuwaachia nafasi.

Baada ya hapo hawakunyamaza. Walikaa ukingoni wakiogeshana, wakiongea kwa pamoja. Nami nilikuwa nikiwamenyea pichi. Hapo nikaona jambo. Sultana alinyoosha mkono kuchukua bakuli la shaba lililokuwa mbele yake kabisa, akalikosa. Akapapasa marumaru, huku, kule. Nilipotaka kumsogezea, Madame Rashel alinizuia kwa jicho. Naye alikuwa ameona. Alilichukua bakuli taratibu, akalijaza, akamwagia dada yake mgongoni, akaendelea na hadithi yake kana kwamba hakuna kitu.

Nikakumbuka ule mkono uliompapasa uso mlangoni.

Gatini

Jumatatu tulishuka hadi gatini, Sultana akabaki nyumbani kwa sababu, alisema, hapendi basi. Madame Rashel alikuja bila sanduku lake. Nililiona hilo tangu mlangoni na sikuuliza.

Tulikaa kwenye benchi tukinywa chai. Alinyoosha miguu, akaniambia magoti ni mepesi.

"Nissim alikuambia uniache huku," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikamwambia ndiyo, na nikamwambia nilivyomjibu.

"Najua. Niliwasikia. Duka langu, vitambaa vyangu." Akanywa chai. "Mi nilikuja na kichwa ya kurudia kwetu, Anastazia. Nilitaka nimuonyeshe Nissim kama mimi si muzigo wa kutumwa. Lakini Sultana haone tena. Anapika kwa kukumbuka. Anatembea kwa kukumbuka. Na hakuambia mutu."

Nikamuuliza kama Sultana amemwomba abaki.

"Sultana kuomba?" Akatikisa kichwa. "Jana aliniambia kitanda cha mama yetu kingali na godoro muzuri. Hayo njo maombi yake."

Kisha akanipa maagizo. Mkasi mkubwa ni wangu sasa. Nissim asiuze kile kitambaa cha buluu kwa bei ya hasara. Kaburi la mumewe liondolewe majani mvua zikianza. Alisema yote kwa sauti ya dukani, haraka, bila kunitazama. Honi ya meli ilipolia alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama wanavyofanya wao, akaliweka paji langu kwenye lake. Mimi nililia. Yeye aliniambia niangalie ngazi, inateleza.

Kurudi

Nilirudi peke yangu, na sikuogopa kama nilivyodhani. Watu wa njiani walinisaidia: mama mmoja mhudumu wa ndege, mzee mmoja Mhindi kule Nairobi aliyenilindia mzigo na kunigawia dengu zake. Kutoka Ndola nilipanda treni hadi kwetu Elisabethville. Gaspar alikuwa kituoni amevaa shati la Jumapili, na watoto wakanikimbilia wakinusa, wakisema nanukia tofauti. Nilikula bukari na sombe ya majani ya muhogo hadi nikashindwa kusimama.

Kesho yake asubuhi nilikwenda dukani. Bwana Nissim alikuwa akimpimia mteja kitambaa. Nilimwambia kwamba mama yake ni mzima, amebaki.

"Muzuri," akasema. "Ni muzuri sana."

Akaendelea kupima. Alipima kipande kilekile mara ya pili, kisha mara ya tatu, mpaka mteja akanitazama mimi. Nikachukua mkasi mkononi mwake, nikakata, nikamfungia yule mama mzigo wake. Alipotoka, Bwana Nissim alifunga mlango wa duka, saa za kazi, jambo ambalo mama yake asingelikubali hata siku ya mabomu. Akavuta kiti ambacho mama yake hukikalia karibu na sanduku la fedha, akaniambia nikae. Nikamwambia hicho siwezi kukikalia. Akasema tena, kaa, tafadhali, yeye mwenyewe akaketi juu ya robota.

"Nilitaka abaki," akasema. "Unajua kama nilitaka."

"Najua."

Akaomba nimwambie yote. Basi ninyi si wa kwanza kuisikia hadithi hii. Nilianza na askari na pipa, nikaja ndege, samaki, Sabato. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika bafuni aliinua uso, akaniuliza kama ni kweli mama yake alicheka. Nikamwambia alicheka mpaka maji yakamwingia puani, na dada yake akampiga mgongoni kama mtoto.

 Akaniomba nirudie hapo tu, pale pa maji. Nikarudia.